Alimpa Pumzi, Akampandia Bustani

Mahubiri yaliyosomwa redioni, yameandikwa kwa ajili ya vikundi vya nyumbani

Somo: Mwanzo 2:7-8 na 15. Soma pia Marko 5:35-43 na Luka 15:11-32.

Ninawasalimu ninyi wa Nundu, wa Mboko, wa Baraka na Fizi, ndugu zetu Warundi wa kambi ya Lusenda, na ninyi mnaotusikiliza mkiwa kazini, mikono ikianua ndagala kando ya ziwa.

Leo tunafungua mahali ambapo tumepasoma tangu shule ya Jumapili, lakini huwa tunapapita mbio. Mwanzo sura ya 2, mstari wa 7: Mungu anamfanya mtu kwa mavumbi, anampulizia pumzi, mtu anakuwa hai. Hapo sisi Wapentekoste tunapiga makofi, maana habari ya pumzi ya Mungu ni habari yetu. Lakini mstari wa 8 unafuata palepale. Mungu anashika kazi ya mkulima. Anapanda bustani, kisha anamweka humo mtu yule aliyemfanya.

Angalieni vizuri. Mtu yule alikuwa na pumzi ya Mungu mwenyewe kifuani. Hakuwa na dhambi, hakuwa na pepo, hakuwa na laana ya ukoo. Hata hivyo Mungu hakumwambia, "Pumzi yangu unayo, sasa jitafutie." Alimpandia. Kama mtu asiye na dhambi alihitaji bustani, sembuse mimi na wewe?

Ninayo sababu ya kuhubiri neno hili leo. Nitaieleza mbele kidogo, nayo haitanipa sifa.

Kwanza ninaita mashahidi wawili, kwa kuwa Maandiko yanataka neno lithibitishwe kwa vinywa vya mashahidi wawili au watatu. Mashahidi wangu ni wadogo sana. Mmoja ni kipepeo, mwingine ni chura.

Shahidi wa kwanza: kipepeo

Mama zetu waliotoka upande wa msituni wanajua jambo hili bila kwenda shule: kila kiwavi ana mti wake. Ukitaka viwavi wa kula, huzunguki ovyo porini, unakwenda kwenye mti unaowalisha. Na mti ule ukikatwa kwa ajili ya makaa, usiulize mwaka unaofuata viwavi wamehamia wapi. Hawakuhama. Wamekwisha.

Huko Marekani, katika jimbo la Oregon, kuna bonde liitwalo Willamette. Humo anaishi kipepeo mdogo anayeitwa bluu wa Fender. Dume ana rangi ya bluu, jike ni kahawia. Maisha yake yamefungwa kwenye mmea mmoja hasa, ua la porini la jamii ya maharage linaloitwa lupini ya Kincaid. Jike hutaga mayai chini ya majani yake, na kiwavi hula majani hayo. Pasipo ua hilo, kipepeo anaweza kuruka leo na kesho, lakini hatakuwa na watoto.

Zamani bonde lile lilikuwa nyika ya majani na maua. Wenyeji wake, watu wa Kalapuya, waliichoma moto kwa utaratibu, kama sisi tunavyojua moto wa kiangazi, na moto huo ulizuia miti na vichaka visimeze nyika. Katika karne ya 19 wenyeji waliondolewa. Likaja jembe la kukokotwa, zikaja nyumba, yakaja majani ya kigeni, na vichaka vikafunika mahali palipobaki. Ua likapungua, na kipepeo akapungua pamoja nalo. Baada ya mwaka 1937 hakuonekana tena, watu wakasema amekwisha duniani. Ikapita miaka kama 50. Mwaka 1989 akaonekana tena, katika vipande vidogo vya nyika vilivyosahauliwa.

Mwaka 2000 serikali ya Marekani iliwaandika wote wawili katika orodha ya viumbe vya kulindwa, kipepeo na ua lake. Wakati huo vipepeo waliohesabiwa walikuwa zaidi kidogo ya 3,000.

Sasa sikilizeni walichofanya. Walikwenda kumtafuta ua. Wakakusanya mbegu za lupini, wakapanda. Wakang'oa vichaka. Wakarudisha moto ule wa wenyeji, lakini hawakuchoma nyika yote kwa siku moja, maana viwavi wamelala humo. Walichoma sehemu, wakaacha sehemu. Wakapanda na maua mengine yenye asali, kwa kuwa kipepeo mzima naye lazima ale. Watu wenye mashamba yao wenyewe wakakubali kutenga vipande. Na kwa kuwa kipepeo huyu mdogo haruki mbali, walipanda vitalu karibu karibu, ili akitoka kwenye kimoja asife njiani kabla ya kufika kingine.

Kufikia mwaka 2018 walihesabu vipepeo zaidi ya 13,000. Januari 2023 serikali ilimtoa katika daraja la walio karibu kutoweka kabisa, ikamweka katika daraja lenye hatari ndogo zaidi. Bado wanamlinda, lakini yupo, na ameongezeka. Hawakumwita kipepeo kwa kelele. Walipanda ua, naye akaja.

Shahidi wa pili: chura

Najua wengine wenu mmeshtuka. Mchungaji, chura? Yule wa mapigo ya Misri? Ndiyo, chura. Aliyemtuma kwa Farao ndiye aliyemuumba, naye alipotazama kazi yake aliona kuwa ni njema.

Shahidi huyu ni jirani. Anatoka Tanzania, katika milima ya Udzungwa, kwenye korongo la mto Kihansi. Ni mdogo kuliko kidole gumba, ana rangi ya manjano, na hatagi mayai kama vyura wengine. Huzaa watoto wazima. Wataalamu walimwona mara ya kwanza mwaka 1996. Makao yake yote duniani yalikuwa eneo dogo chini ya maporomoko ya maji, mahali ambapo manyunyu yanalowesha majani usiku na mchana. Hakuishi ndani ya mto. Aliishi kwa manyunyu.

Mwaka 2000 mitambo ya umeme ya Kihansi ilikuwa imekwisha kuanza kazi. Nchi ilihitaji umeme, na hilo si dhambi. Lakini sehemu kubwa sana ya maji ilipelekwa kwenye mitambo, maporomoko yakanyamaza, manyunyu yakakatika. Vyura wakaanza kufa. Mwishoni mwa mwaka huo vyura 499 walichukuliwa wakiwa hai na kupelekwa ugenini, Marekani. Walioendelea kuwatunza ni bustani za wanyama za Bronx, New York, na Toledo, Ohio. Waliwekwa ndani ya masanduku ya vioo yenye mvua ya kutengenezwa. Wengi walikufa huko, wakabaki wachache sana, kisha polepole wakaanza kuzaa.

Na nyumbani je? Watanzania waliweka mabomba yanayoteremsha maji kutoka juu na kuyarusha kama manyunyu juu ya majani yale yale. Umeme haukuzimwa. Maji kidogo tu yaligawiwa. Majani yakapona, vyura waliobaki wakaongezeka, watu wakafurahi. Kisha, mwaka 2003, wakafa tena kwa wingi ghafla. Ugonjwa wa ukungu unaoshika ngozi ya vyura ulikuwa umeingia. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba chura wa Kihansi hayupo tena porini.

Lakini mabomba hayakufungwa. Fikirini, wapendwa! Mahali patupu, hakuna chura hata mmoja anayesikika, na bado watu wanarusha manyunyu, wanatunza majani ya mgeni aliye ng'ambo ya bahari. Mwaka 2010 wa kwanza walirudishwa Dar es Salaam, kwenye chuo kikuu, na mwaka 2012 vyura takriban 2,000 wakarudishwa korongoni kwao. Ndiyo maana mstari wa 15 unasema mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kulima ni kwa msimu. Kutunza ni kila siku, hata siku ambayo huoni kitu.

Sisi tuliotoka ng'ambo

Wengi wenu mnaonisikiliza mnaijua habari ya chura yule kwa miili yenu. Mwaka 1996 mimi nilikuwa kijana wa sekondari. Tulivuka ziwa usiku, tukafika Kigoma, tukapelekwa Nyarugusu. Huko nilibatizwa, huko nilimzika baba yangu. Tulipoanza kurudi kwa meli za HCR kupitia Baraka, mimi na mama yangu na wadogo zangu tulishuka tukiwa na mahema, sufuria na woga. Kiwanja chetu kilikuwa kimemezwa na majani. Nyumba ilikuwa mstari wa mawe tu.

Lakini nyuma ya mawe yale tulikuta mihogo, mistari sita, imekwisha kukomaa. Mama mmoja jirani, ambaye hakukimbia, alisikia mwaka uliotangulia kwamba watu wanaandikishwa kurudi. Hakujua kama sisi tumo. Akapanda. Mama yangu alimwuliza, "Nani alikuambia tunakuja?" Akajibu, "Hakuna. Lakini mngekuja mkute nini?"

Jioni ile tulikula sombe ya shamba letu. Nimesoma chuo cha Biblia, nimesikia wahubiri wakubwa. Sijasikia mahubiri ya Mwanzo 2:8 yaliyozidi yale.

Jembe ambalo sikulitoa

Sasa sababu yangu. Miaka michache iliyopita kijana mmoja alitoka porini. Sitataja jina lake wala kundi lake. Aliacha bunduki, akaja kanisani, tukamwekea mikono. Alilia, tukaimba mpaka saa nane mchana. Nilipeleka ushuhuda wake kwenye mkutano wa wachungaji, nao wakanipongeza. Kisha kila mtu akaenda nyumbani kwake kula. Yeye hakuwa na nyumbani. Shamba la marehemu baba yake lilikuwa limegawanywa. Alilala katika stoo ya kanisa, juu ya mbao za jukwaa. Vijana wa kwaya walimwita "Komanda" kwa mchezo, na siku moja mimi pia nilicheka.

Mwezi wa nne alinijia jioni, akaniuliza kama ninaweza kumwazima jembe. Nikamwambia, "Mwanangu, tuombe kwanza." Tukaomba, na maombi yalikuwa mazuri. Jembe sikumpa. Nilikuwa na moja, na msimu ulikuwa umeanza.

Wiki ile ile alirudi porini.

Tulisemaje? Tulisema hakuokoka kweli. Mimi mwenyewe nilisema hivyo madhabahuni. Leo ninatubu mbele yenu. Kule Oregon hakuna aliyesema kwamba kipepeo alitoweka kwa sababu hakuwa kipepeo wa kweli. Walisema: ua liko wapi? Kijana yule alikuwa na pumzi. Sisi hatukumpandia bustani.

Mtu ataniuliza, "Mchungaji, unapunguza nguvu za Roho?" Hapana. Nendeni Marko 5. Yesu anamfufua binti wa Yairo, muujiza mkubwa kuliko yote tuliyoyaona Nundu. Na neno lake kwa watu wa nyumba ile, mtoto akiwa amekwisha kusimama, ni kwamba apewe chakula. Aliyeshinda mauti hakuona aibu kuzungumza habari ya sahani. Kufufua ni kazi yake. Kupika uji aliwaachia wao.

Na yule baba wa Luka 15? Tunahubiri sana machozi yake, mbio zake, pete na vazi. Lakini niulizeni mimi mfugaji: ndama aliyenona hunona kwa siku ngapi? Hanoni kwa siku moja. Kijana akiwa bado kwa nguruwe, nyumbani kwa baba kuna mtu aliyekuwa anakata majani na kumlisha ndama. Karamu ilianza kabla mwana hajageuka njiani.

Tufanye nini

Mama wa kijana yule yuko pamoja nasi kila Ijumaa katika maombi ya kufunga. Amepata habari kwamba mwanawe anataka kurudi, yeye na wenzake wawili. Sijui ni lini. Kwa hiyo nimesema na wazee wa kanisa, na ninasema na ninyi.

La kwanza, kipande cha shamba la kanisa kilicho karibu na mto kitalimwa sasa, kabla mvua za Septemba hazijaanza. Tutapanda mihogo na maharage. Majembe matatu yanahitajika. La kwanza nimekwisha kulileta. Ni lile lile.

La pili, kila mmoja anahitaji nyumba ya kulala, na nyumba hizo ziwe jirani. Mkumbukeni kipepeo asiyeruka mbali. Familia moja nzuri peke yake itachoka. Familia tatu zilizo karibu zitasaidiana.

La tatu, wataitwa majina waliyopewa na mama zao. Yeyote wa kwaya atakayesema "Komanda" ataimba peke yake, bila gitaa.

La nne linahitaji moyo wa utulivu. Wako kati yetu walioibiwa ng'ombe, waliochomewa nyumba, waliofiwa. Sisemi wanyamaze. Bustani ya Edeni yenyewe ilikuwa na katazo lake, na aliyelivunja aliulizwa maswali. Wenye uchungu watasikilizwa kwanza, mbele ya wazee, na anayerudi atasikiliza kabla hajashika jembe. Lakini tuwe kama wale wachomaji wa nyika: moto wa kusafisha, sehemu kwa sehemu, bila kuteketeza kilicholala humo kikisubiri msimu wake.

La mwisho, hatujui kama watakuja. Inawezekana mihogo ikomae, tusione mtu njiani. Tutapalilia tu. Mabomba ya Kihansi yalinyunyiza maji mahali patupu miaka mitatu baada ya kutangazwa kwamba chura hayupo. Na yule jirani yetu alipanda mistari sita bila kupata barua.

Tuombe.

Baba, wewe uliyetupulizia pumzi ukatupandia na bustani, tusamehe tulivyotoa maombi tukaficha jembe. Linda walio porini usiku huu, na wale waliojeruhiwa nao. Wape miguu ya kurudi, nasi tupe mikono ya kulima kabla hawajafika. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Ni nani alikupandia wewe kabla hujafika? Je, ulimshukuru?
2. Katika familia yenu, ni nani tunayemwombea arudi, na akirudi leo atakuta nini?
3. Ni kitu gani kimoja unacho, ambacho kingekuwa bustani ya mwingine?